Wiki Sita kwa Mama Gama

Ninyi vijana mnaobaki kazini mliniomba niandike, nami nimestaafu juzi tu, sina kisingizio. Vyeo nilivyopanda vimo kwenye faili langu pale wilayani. Mwenye hamu akavisome, atasinzia ukurasa wa pili. Hapa nitaandika jinsi nilivyojifunza kazi, kwa sababu cheti nilikipata mapema kuliko ujuzi, na waliokuja kunionyesha tofauti ya hivyo viwili ni wanawake wawili, mmoja muuguzi na mwingine mfugaji wa ng'ombe, miaka ile ya sabini.

Nilipangiwa kazi Usangu nikiwa kijana wa Kihehe kutoka milima ya Kilolo, ambako mtu analala na mablanketi mawili na bado anamlalamikia Mungu. Usangu nilikuta joto na mbu wasio na haya. Kituo cha afya kilikuwa na vyumba vinne, friji la mafuta ya taa lililopoza siku lilipotaka, stovu ya kuchemshia sindano za kioo, na Land Rover iliyokalishwa juu ya mawe, kuku wa mlinzi wakitagia kwenye kiti cha dereva. Kwa cheti nilikuwa tabibu. Watu waliniita daktari. Siku ya kwanza niliwasahihisha, siku ya pili nikanyamaza, siku ya tatu nikaanza kuitika.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kisangu aliyeingia amejikamata paja, damu ikichuruzika mpaka kwenye kandambili. Chuoni tulifundishwa kuanza na historia ya ugonjwa. Nikachukua kalamu.

"Shikamoo mzee. Imeanza lini?"

"Nini imeanza lini?"

"Maumivu."

Akaitazama kalamu yangu. "Mwanangu," akasema, "ng'ombe kanichoma pembe hapo nje ya uzio wako. Ulikuwa dirishani, nimekuona unaniangalia."

Nilimshona vizuri tu, lakini habari ilishafika sokoni kabla sijafunga bandeji, na kwa miezi kadhaa watoto walinipita njiani wakiulizana, "Imeanza lini?"

Hilo nililicheka hata mimi. La lori sikulicheka. Lori la magunia lilipinduka barabara ya bondeni, si mbali na kituo, na majeruhi watano waliletwa kwangu kwa gari la kupita, mchana kweupe. Mmoja alikuwa amevunjika mkono, alipiga mayowe ya kutoboa bati, nikaanza naye. Wa pili alikuwa anaita jina la mama yake, nikamfuata. Utingo mmoja alikuwa amekaa kwenye kona ameegemea ukuta, hakuniomba kitu, nikasema moyoni, huyu ana nafuu, atasubiri. Nilipomfikia alikuwa ameshakufa, na ulimi wake ulikuwa umerudi nyuma kooni. Sikuwa nimempa hata nusu dakika. Kumlaza ubavu na kumwinua kidevu kungetosha, nilikuja kuambiwa baadaye, na ninyi mnajua hivyo toka mwaka wa kwanza.

Mwezi uliofuata ikaja barua kwamba matabibu na madaktari wasaidizi wa vituo vya vijijini tunaitwa Iringa mjini, wiki sita, mafunzo ya huduma za dharura. Nilipanda basi siku hiyohiyo. Wenzangu walidhani napenda posho.

Tulikuwa kumi na wawili. Daktari mkuu alikuja asubuhi ya kwanza, akayafungua mafunzo kwa maneno mazuri, akaenda kupasua wagonjwa wake, tukamwona tena siku ya kupiga picha. Aliyebaki mbele yetu alikuwa Mama Gama, muuguzi msimamizi wa chumba cha upasuaji, Mngoni wa Songea, mfupi, raba nyeupe miguuni, miwani imefungwa kwa plasta kwenye mguu mmoja. Akapita akiuliza kila mtu jina na kwao. Aliponifikia nikasema mimi ni Lukelo, Mhehe.

"Aa, mtani!" akasema kwa furaha iliyonitisha. "Babu zangu waliwakimbiza babu zako mpaka viatu vikabaki."

"Mama, babu zangu hawakuwa na viatu. Na waliokimbia walikuwa wanaelekea Songea."

Darasa likacheka, na mimi nikajua wiki sita hizi nitazilipia.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili. "Basi limepinduka. Mmoja analia anakufa. Mmoja anamtukana dereva. Mmoja amenyamaza. Unaanza na nani?" Wengi wakasema anayelia. Mimi nikasema aliyenyamaza.

"Hee! Mhehe amepata wapi akili?"

"Nilimwacha mmoja akafa, mama," nikasema.

Nilisubiri utani, haukuja. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni. "Lori ndilo lililomuumiza," akasema. Sikuwa nimemwambia kwamba ni lori. Nadhani kila aliyetoka kituo cha kijijini alikuwa na lori lake. "Wewe ulichelewa. Hapa tunafundisha kuwahi. Anayepiga kelele anapumua. Andikeni."

Tuliandika, lakini kwa Mama Gama kuandika kulikuwa jambo dogo. Alikuwa na mpishi wa hospitali, Mzee Sanga, Mkinga mtaratibu, ambaye alikubali kufa kwa ajili ya elimu. Tukiwa chai, au tunapanga foleni ya chakula, ghafla kengele ingegongwa na Mzee Sanga angekutwa amelala barazani, amepakwa nyanya za Ruaha Mbuyuni zilizopondwa na damu ya kuku. Tulikuwa tunakimbilia kwenye nyanya. Wote kumi na wawili tunafunga mguu, bandeji juu ya bandeji, na Mama Gama anasimama pembeni na saa yake. Kisha anasema, "Mguu umepona kabisa. Mwenye mguu hajavuta pumzi dakika nne. Mzee Sanga, amka, umekufa."

Mzee Sanga alikufa mara kumi na moja katika wiki mbili za mwanzo. Akaanza kuipenda kazi. Alituongezea mikoromo, akageuza macho, siku moja akaacha wosia kuhusu sufuria zake. Mara ya kumi na mbili tulifanya kila kitu sawasawa, koo, pumzi, damu, tukamgeuza ubavu, naye hakuamka. Tulimpiga mashavu kwa hofu ya kweli. Kumbe alikuwa amesinzia. Alikuwa jikoni toka alfajiri.

Tulijaribu kulipiza. Siku moja tulijilaza wote kumi na wawili sakafuni darasani, tumejipaka nyanya, ndimi nje. Mama Gama akaingia, akasimama, akaturuka mmoja mmoja mpaka mezani. "Maskini," akasema, "vijana wazuri hivi." Akamimina chai, akala maandazi yetu yote taratibu, akatoka. Hatukumjaribu tena.

Zana zake zilikuwa za ajabu. Kushona tulijifunzia miguu ya nguruwe kutoka buchani. Kutoboa koo lililoziba tulijifunzia koo la mbuzi, na jioni harufu ya supu ilitueleza lilikokwenda. Lakini somo la ngumi lilihitaji mtu hai. Mshipa mkubwa wa damu unashuka mbele ya uti wa mgongo. Mama aliyetoka kujifungua tumbo lake ni laini. Ukimkandamiza kwa ngumi juu kidogo ya kitovu mpaka mshipa ule ubanwe dhidi ya mfupa, damu ya chini inakatika. Mkono wako wa pili unapima mapigo kwenye kinena. Mapigo yakipotea, ngumi iko mahali pake.

"Nani mwembamba hapa?" akauliza Mama Gama.

Wakanisukuma mbele. Kwa juma zima mimi ndiye niliyekuwa kitabu cha darasa. Watu kumi na mmoja walinikandamiza tumbo kwa zamu, mtani wangu akisimama juu yangu akisema, "Zaidi. Huyo ni Mhehe, hawavunjiki." Nilijua mahali pa mshipa ule kuliko wote kwa sababu mimi ndiye niliyeumia.

Nilirudi Usangu. Friji lilikuwa limekufa moja kwa moja, na kuku walikuwa wameangua.

Wakati huo wafugaji wa Kisukuma kutoka kaskazini walikuwa wameanza kuingia bondeni na ng'ombe zao. Asubuhi moja gari la ng'ombe lilisimama mbele ya kituo, na mama mmoja mrefu, mwenye mikono ya kukamulia na kutwangia, akashuka kabla halijatulia. Huyo alikuwa Bibi Nkwimba. Ndani ya gari alilala mke wa mwanawe, Holo, uzazi wake wa kwanza. Mume alikuwa mbali na mifugo.

"Amejifungua alfajiri," Bibi Nkwimba akasema. "Mtoto mzima, tumemwacha na jirani, analia vizuri. Huyu damu haikatiki."

Sikumuuliza imeanza lini. Nilimsugua tumbo mfuko wa uzazi ukaze, nikamtoa mkojo, nikamchoma ampuli mbili za ergometrini ya kukatisha damu, zote nilizokuwa nazo, zilizokuwa zimelala kwenye friji maiti. Kondo walikuja nalo limefungwa kwenye kitambaa, nikalikagua: kipande kimebaki ndani. Nilijaribu kukitoa, kikanishinda. Damu ilipungua, kisha ikarudi. Nikatundika chupa ya maji ya chumvi, nayo ilikuwa moja. Hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa kule barabara kuu, mwendo wa saa tatu.

Nje lilisikika trekta la shamba la mpunga, na tela nyuma. Lilikuwa linaendeshwa na Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mpole kupita kiasi. Nilisimama katikati ya njia. Tukashusha magunia, tukabakiza machache ya kulalia, tukampandisha Holo, na nikapiga magoti juu yake nikaweka ngumi pale nilipokuwa nimeumizwa juma zima. Mapigo ya kinena yakapotea. Damu ikasimama.

"Ondoa gari!" nikamwambia Ambakisye.

Aliondoa, lakini Ambakisye hakuwa na moyo wa kumpita mtu mzima bila kumsalimia. Kila tulipokutana na mwenye mvi alipunguza mwendo. "Ambakisye, usisimame!" "Sisimami, daktari, naamkia tu." Na mimi, nimeinama juu ya tela na ngumi tumboni mwa mgonjwa, nilijikuta ninatoa shikamoo na kujibu habari za nyumbani.

Baada ya nusu saa mkono ulianza kutetemeka. Hilo darasani hawakunifundisha, maana darasani kulikuwa na zamu. Nikamtazama Bibi Nkwimba.

"Bibi, funga ngumi. Weka hapa."

Akaweka kama mtu anayegusa uji wa moto. Mapigo yakarudi chini ya vidole vyangu, na damu nayo.

"Kwa nguvu, bibi."

"Huyu ni mke wa mwanangu."

"Ndiyo maana nasema kwa nguvu."

Akanitazama, akavuta pumzi, akashuka na bega lote. Mapigo yakakatika kama taa. Nimefanya kazi na madaktari wa vyuo vikuu vya nchi nyingi. Ngumi ile sijaiona tena.

Tulibadilishana hivyo, mimi nusu saa, yeye nusu saa, halafu zamu yangu ikawa robo saa na yeye akawa haombi kupumzika. Katika kijiji cha pili mwenyekiti alisimama barabarani, mkono juu, kofia kichwani.

"Trekta hili ni la mpunga," akasema. "Nani ameruhusu libebe watu?"

Ambakisye, bila shaka, akasimama.

Nilianza kueleza kwa sauti ya kiserikali. Bibi Nkwimba hakugeuza hata shingo. "Panda uone mpunga," akasema.

Mwenyekiti akapanda. Aliona. Kofia ikatoka kichwani yenyewe. Nikampa chupa ya maji ya chumvi, nikamwambia ainyanyue juu, na akaishika hivyo njia yote iliyobaki, mkono mmoja ukichoka anahamishia wa pili. Watu tuliowapita waliona mwenyekiti wao amesimama kwenye tela ameinua mkono, na wengi wakampungia, wakidhani anawahutubia.

Kabla ya kufika barabara kuu gurudumu lilidumbukia kwenye korongo na sote tukaanguka kando. Sekunde chache tu, lakini gunia lilikuwa limelowa upya tulipomfikia. Holo, ambaye njia nzima alikuwa akilalamika kiu, alikuwa amenyamaza. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwinua kidevu, nikaweka shavu langu puani kwake nikaisikia pumzi, ndogo. Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka masikio yanaziba. Niliona ukuta ule wa kituo, na mtu ameegemea kwenye kona.

"Bibi, mzungumzishe. Asinyamaze. Sema naye chochote."

Bibi Nkwimba aliwekea ngumi yake uzito wake wote, akamwinamia sikioni. Hakuomba wala hakubembeleza. Alianza kumsema. Alimwambia ugali wake una madonge. Alimwambia maziwa anayaacha yanachacha, na siku ile ya ugeni alimwaibisha kwa mboga isiyo na chumvi. Aliongea Kisukuma na Kiswahili mchanganyiko, machozi yakimdondokea Holo usoni, makosa ya mwaka mzima, moja baada ya jingine.

Mwishowe midomo ile ya majivu ikasogea. "Mayu," Holo akanong'ona, akimwita mama kwa Kisukuma, "chumvi uliimaliza wewe."

Mwenyekiti alicheka kwa kwikwi mpaka chupa ikayumba. Mimi nilikuwa ninalia, na sioni haya kuliandika.

Hospitalini daktari kijana alikuja mbio na machela, akamwambia Bibi Nkwimba atoe mkono.

"Nikitoa, wewe utaweka wa kwako?"

"Ndiyo, bibi."

"Nionyeshe ngumi."

Daktari, kwa mshangao, akaonyesha. Bibi Nkwimba akaikagua. "Ndogo," akasema, na akatembea kando ya machela mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na baada ya majadiliano mafupi akaupita, amevishwa gauni la kijani kinyumenyume. Walimtoa pale mganga wa usingizi alipokuwa tayari na kipande cha kondo kimeshaonekana. Damu ya kumwongezea Holo ilipatikana kwa mwenyekiti, yake ililingana. Alitoa chupa moja, akainuka kwa heshima, akaanguka kama mti. Nilimlaza ubavu, nikamwinua kidevu.

Holo alikaa wodini wiki mbili, akaletewa mtoto anyonye, akarudi nyumbani kwa trekta lilelile, safari hii amekaa mbele, mtoto mgongoni. Chumvi haikuzungumzwa tena, nasikia.

Nilimwandikia Mama Gama kurasa nne. Nilieleza hatua kwa hatua, nikaweka na mchoro. Nilitegemea pongezi. Jibu lilikuja na basi la kwanza, mstari mmoja: "Wewe sikutaki, mlete bibi."

Kwa hiyo mafunzo yaliyofuata, Iringa, mwezi wa baridi, nilimsindikiza Bibi Nkwimba akiwa amejifunga mablanketi mawili juu ya khanga, akiuliza kila baada ya dakika tano watu wa huku walimkosea nini Mungu. Mama Gama alimpokea getini. Walitazamana, mfupi na mrefu, wakashikana mikono, wakapimana nguvu, nikaona wote wawili wameridhika. Nilirudi nyuma hatua mbili.

Darasani walikuwa kumi na wanne, pamoja na daktari mmoja aliyetoka chuo kikuu na shajara ya ngozi. Mama Gama aliwapanga wawili wawili, mmoja analala, mmoja anakandamiza. "Mwalimu wa leo ni huyu," akasema, akaenda kukaa nyuma. Bibi Nkwimba hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hakuhitaji maneno mengi. Alipita mstari mzima, akiweka vidole viwili kwenye kinena cha kila aliyelala, maana mapigo yakiwepo damu bado inatoka, kwa uso wa mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Huyu wako amekufa," akamwambia wa kwanza. "Anza upya."

"Na wako amekufa."

Alimfikia yule wa shajara, aliyekuwa anakandamiza kwa ncha za vidole akieleza kitu kwa Kiingereza. Bibi Nkwimba akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Wako amekufa zamani," akasema, "anakusubiri umalize kuongea."

Mimi nilikuwa nimewekwa mwisho wa mstari, kwa amri ya mtani wangu, juu ya Mzee Sanga. Nilijua mahali pake. Nilishuka na bega lote, kama nilivyofundishwa kwenye tela. Bibi Nkwimba akaweka vidole, akafumba macho, akakaa muda mrefu kuliko kwa wengine wote. Chini yangu Mzee Sanga alikuwa anatoa maneno ya Kikinga ambayo sitayatafsiri.

"Wako yuko hai," akasema Bibi Nkwimba. "Anakulaani, lakini yuko hai."